Ana kwa Ana na Mwimbaji: Nafasi ya Hadhira katika Utendaji wa Taarab

Utangulizi

Shabiki aliyengoja kwa miaka mingi kabla ya kumwona jukwaani mwimbaji ampendaye huenda akarudi nyumbani na lalamiko hili: "Hakuimba kama alivyoimba kwenye kanda." Ubeti mmoja aliurudia mara nne, na mwingine akauruka. Alinyamaza pale ambapo watu walikuwa wamejiandaa kuitikia. Wimbo wa dakika tano ukachukua dakika ishirini. Anayesema hivi hukusudia kulaumu. Hata hivyo, pasipo kujua, huwa amegusa suala la msingi katika taaluma ya fasihi simulizi: wimbo hasa ni upi? Je, ni ule uliohifadhiwa katika kanda, ukawa haubadiliki, au ni huu unaozaliwa mbele ya watu usiku mmoja na kwisha?

Makala haya yanajadili suala hilo kwa kuangalia taarab ya mwambao wa Afrika Mashariki. Taarab imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni utanzu ambao wengi wetu tunausoma darasani kama ushairi: tunahesabu mizani, tunabainisha vina, tunataja tamathali, kisha tunaandika maudhui. Pili, ni utanzu ambamo hadhira ina desturi maalumu ya kushiriki, yaani kutuza, ambayo haionekani kabisa katika matini iliyoandikwa na huonekana kwa shida katika iliyorekodiwa. Hoja yetu ni kwamba katika taarab maneno huweza kubaki yale yale kutoka kwa malenga hadi kwa mwimbaji, lakini maana ya wimbo hukamilishwa na hadhira iliyopo. Anayetaka kuuelewa wimbo wa taarab hana budi kumtazama mwimbaji, kisha ageuke awatazame watu.

Dhana ya utendaji

Wataalamu wa fasihi simulizi wamesisitiza kwa muda mrefu kwamba kazi ya fasihi simulizi haipo kikamilifu nje ya utendaji wake. Finnegan (1970) alionyesha kuwa hadithi au wimbo wa Kiafrika hutegemea fanani anayeutamka katika hafla mahususi, mbele ya watu mahususi. Mulokozi (1989), katika kuainisha tanzu za fasihi simulizi, aliifafanua fasihi hiyo kama tukio linalofungamana na fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Kwa mtazamo huu, kuondoa kimojawapo kati ya viambajengo hivyo ni kuibadilisha kazi yenyewe.

Lord (1960) alikwenda mbali zaidi. Baada ya uchunguzi alioufanya pamoja na mwalimu wake, Milman Parry, miongoni mwa waimbaji wa tendi wa Yugoslavia katika miaka ya 1930, alifikia rai kwamba katika utamaduni wa aina hiyo hakuna toleo moja asilia ambalo mengine yote ni nakala zake. Kila utendaji ni asilia kwa namna yake, kwa kuwa mwimbaji hutunga huku akiimba.

Ni muhimu, hata hivyo, kutoichukua rai hii na kuipachika juu ya taarab bila ya tahadhari. Mwimbaji wa taarab kwa kawaida hatungi maneno papo kwa papo. Maneno huwa yametungwa kabla na malenga, mara nyingi kwa maandishi, na hufuata kanuni za arudhi zinazojulikana. Mfano mzuri ni ule wa Mombasa ambapo mshairi Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwandishi wa diwani ya Malenga wa Mvita (1971), alimtungia nyimbo nduguye, mwimbaji Mohamed Khamis Juma Bhalo. Katika hali kama hii wimbo una matini thabiti kabla ya mwimbaji kufungua kinywa. Swali letu basi linakuwa gumu zaidi kuliko lile la Lord: ikiwa maneno hayabadiliki, ni kitu gani hasa kinachobadilika mwimbaji anapokutana na watu ana kwa ana?

Santuri na jukwaa

Historia ya Siti binti Saad inatupa mahali pazuri pa kuanzia. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880 na kufariki mwaka 1950. Maisha yake tunayafahamu zaidi kupitia wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert. Mwaka 1928 alisafiri pamoja na wapigaji wake hadi Bombay, Bara Hindi, kurekodi nyimbo kwa ajili ya kampuni ya santuri. Santuri hizo zilimfikisha kwa wasikilizaji katika mwambao na hata bara, watu ambao hawakuwahi kumwona.

Tuyatazame masharti ya kurekodi. Upande mmoja wa santuri za wakati ule uliweza kubeba takriban dakika tatu tu za sauti. Wimbo uliozoea kuimbwa kwa utulivu, ukatanguliwa na muziki mtupu na ukakatizwa na shangwe, ilibidi uminywe utoshee. Zaidi ya hayo, chumba cha kurekodia kilikuwa ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Humo hamkuwa na majirani wa Ng'ambo ya Unguja, mtaa wa wanyonge ambako Siti aliishi na kuwaimbia watu waliovijua visa vyake.

Jambo hili la mwisho lina uzito. Fair (2001) ameeleza jinsi nyimbo za Siti zilivyohusu matukio ya kweli ya mjini. Wimbo "Kijiti", kwa mfano, unahusu kisa cha kuuawa kwa mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam na kesi iliyofuata, ambayo uamuzi wake uliwaudhi wengi. Msikilizaji wa Ng'ambo hakuhitaji kuelezwa mhusika ni nani, au hakimu alitenda nini. Aliposikia jina, kisa chote kilimjia. Msikilizaji wa leo anayeupata wimbo huo katika mkusanyiko wa kumbukumbu hupata sauti, lahani na maneno, lakini hapati ule ujuzi wa pamoja uliokuwa umewakalisha wasikilizaji wa kwanza bega kwa bega.

Hatusemi haya ili kuzibeza rekodi. Pasipo santuri hizo tusingekuwa na sauti ya Siti hata kidogo, na vizazi vya waimbaji waliomfuata vingepoteza chemchemi. Tunachosisitiza ni kwamba rekodi ni ushahidi wa wimbo, na mtafiti mwangalifu huuliza kila ushahidi umeacha nini nje.

Kutuza: hadhira inaposema

Katika taarab, msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka mahali pake, akatembea hadi kwa mwimbaji na kumpa fedha. Desturi hii huitwa kutuza, na kwingine kutunza. Kwa mgeni, tendo hili ni shukrani tu, na kwa kweli ni shukrani pia: ni sehemu ya riziki ya mwimbaji na kipimo cha kukubalika kwake. Lakini kazi yake haikomi hapo. Askew (2002), aliyefanya utafiti wake Tanga na kushiriki mwenyewe katika vikundi vya taarab, ameonyesha kwamba kutuza ni mawasiliano. Anayetuza huchagua ubeti wa kuinukia, njia ya kupitia na mtu wa kumtazama. Kwa kufanya hivyo huyachukua maneno ya malenga na kuyafanya yake, akamwelekezea amtakaye.

Mfano ufuatao unatokana na yale aliyoyashuhudia mwandishi wa makala haya. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni niliandika insha ya tathmini kuhusu wimbo mmoja wa mwimbaji niliyempenda tangu utotoni. Kanda yake ilikuwa nyumbani, nami niliujua wimbo huo neno kwa neno. Maneno yake yanamhusu mtu aliyemvumilia mwenziwe kwa muda mrefu, akastahimili maneno na vitendo, na hatimaye akaamua kujitenga naye kwa amani. Niliuchambua kama wimbo wa mapenzi yaliyokwisha. Nilitaja takriri, tashbihi na jazanda ya safari, nikapewa alama za kuridhisha.

Mwaka uliofuata rafiki yangu alinialika Mombasa kwenye arusi ya dadake, na mwimbaji aliyekuja kuwatumbuiza wanawake usiku ule alikuwa yeye yule. Sitamtaja jina, wala sitataja mtaa, kwa kuwa shughuli ilikuwa ya watu na faragha yao. Nilikaa karibu na jukwaa ili nimwone vizuri. Alipouanza wimbo nilioufanyia insha, nilikuwa nikimfuata kimoyomoyo. Alipofika ubeti wa tatu akaurudia. Akaurudia tena. Nikadhani amesahau ubeti wa nne.

Mama aliyeketi kando yangu akaniona nimekodoa macho. Akaniinamia akasema, "Mwanangu, wewe wamtazama muimbaji? Watazame watu." Nikageuka. Mwanamke wa makamo alikuwa ametoka safu ya nyuma, noti ameiinua juu, anakuja polepole. Hakufuata njia ya katikati iliyokuwa wazi. Alizunguka upande wa kushoto, akapita mbele ya wanawake watatu walioketi pamoja, akasita hapo kidogo, ndipo akaja akatuza. Mwimbaji alikuwa akimngoja. Hakuuacha ubeti hadi alipofika. Vigelegele vikapigwa upande mmoja wa ukumbi, na upande wa pili ukawa kimya.

Ubeti wa nne ulipoimbwa, mmoja wa wale watatu akainuka naye. Ubeti huo, ambao katika insha yangu niliuita hitimisho la kusamehe, yeye aliutuza kichwa kikiwa juu, kisha akarudi kwa njia ile ile aliyopita mwenzake. Sasa vigelegele vikatoka upande uliokuwa kimya. Mwimbaji akaurudia ubeti wa nne mara zile zile alizourudia wa tatu. Yule mama akaninong'oneza, "Ni mawifi hao. Mambo ya nyumba ya urithi." Hakuongeza neno, nami sikuuliza.

Tukio hili lilinifunza mambo matatu ambayo matini haikuweza kunifunza. La kwanza ni kwamba wimbo nilioufahamu kama wa mapenzi ulikuwa, usiku ule na kwa watu wale, wimbo wa mirathi. Insha yangu haikuwa na makosa, ila ilikuwa nusu. Malenga alikuwa ametumia maneno mapana kwa makusudi, hakumtaja mume wala mke, na upana huo ndio uliowapa wasikilizaji nafasi ya kuingiza mambo yao. Wahenga walisema kuwa fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulijua. Katika taarab fumbo hutungwa na malenga, nao wahusika huletwa na hadhira.

La pili ni kwamba marudio niliyoyaona kuwa ya kusahau yalikuwa kazi ya ufundi. Mwimbaji alikuwa akiisoma hadhira yake jinsi nahodha asomavyo upepo. Aliujua muda wa kumngoja mtuzaji, na alijua pia kuwa heshima inamtaka ampe kila upande haki yake sawasawa. Kama angeurudia ubeti wa tatu mara tatu na wa nne mara moja, angekuwa amehukumu. Takriri niliyoiandika darasani kuwa ni mbinu ya kusisitiza ujumbe ilikuwa hapa mbinu ya kutunza amani.

La tatu linahusu usalama wa usemi. Wanawake wale walijibizana mbele ya ukoo mzima juu ya jambo zito, na hakuna aliyetamka neno ambalo angeweza kuulizwa kesho. Akiulizwa, atajibu kwamba aliupenda wimbo tu. Jamii inayothamini sitara ilikuwa imejipatia jukwaa la kusema yasiyosemeka, na bei yake ni noti moja.

Mwimbaji mmoja, hadhira mbili

Ikiwa hadhira huikamilisha maana, basi mwimbaji yule yule akiwa mbele ya hadhira mbili tofauti atazalisha maana mbili. Tunaweza kulipima dai hili kwa kumtazama Fatuma binti Baraka, ajulikanaye zaidi kama Bi Kidude. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa, ingawa huaminika kuwa alizaliwa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Aliziimba nyimbo zilizojulikana kwa Siti binti Saad, na pia alikuwa somo na mpiga ngoma katika unyago, mafunzo wapewayo wasichana wanapovunja ungo.

Unyagoni, Bi Kidude aliwaimbia wanawake na wasichana peke yao, mlango umefungwa. Wimbo ulikuwa mafunzo, na hadhira ilikuwa wanafunzi. Hakuna aliyekwenda kumsikiliza kama shabiki. Upande wa pili, Bi Kidude alipanda mara nyingi katika jukwaa la tamasha la Sauti za Busara, ambalo lilifanyika kwa mara ya kwanza Unguja mwaka 2004 na ambalo makao yake kwa miaka mingi yamekuwa Ngome Kongwe. Huko walikuwapo Waswahili na wageni wa mataifa mengi, wanawake kwa wanaume, na wengi wao hawakujua Kiswahili. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na jina lake likavuma Ulaya na kwingineko.

Mgeni asiyejua lugha alipata nini? Ingekuwa rahisi kusema hakupata chochote, lakini hilo si kweli. Alipata sauti iliyokwaruza na kupenya, mwili wa bibi kizee uliokataa kuinama, na ngoma iliyoongozwa kwa mamlaka. Maana aliyoondoka nayo ilihusu umri, nguvu na uhuru wa mwanamke. Mswahili aliyesimama kando yake alipata yote hayo pamoja na maneno, na pamoja na maneno akapata aibu na kicheko cha kuyasikia hadharani mambo yaliyozoea kusemwa faraghani. Dhana ya upeo wa matarajio, iliyoenezwa na Jauss katika miaka ya 1960 kuhusu wasomaji, inatufaa hapa: kila msikilizaji huja na aliyonayo, na kwa hayo huupokea wimbo. Tofauti ni kwamba msomaji wa kitabu hawezi kumbadilisha mwandishi aliyekwisha kuandika, ilhali msikilizaji wa tamasha huweza kumbadilisha mwimbaji papo hapo kwa makofi, kwa kimya au kwa kuinuka.

Kwa hiyo lalamiko la shabiki tuliloanza nalo linaweza kujibiwa. Hakuimba kama kwenye kanda kwa sababu kwenye kanda hukuwako.

Kamera na kisogo cha hadhira

Huenda mtu akauliza kama tatizo hili halijatatuliwa na video. Siku hizi karibu kila mhudhuriaji ana simu ya kurekodi, na sherehe nyingi huwa na wapigapicha wa kulipwa. Je, mtafiti hawezi kukaa chumbani kwake akaliona kila kitu?

Jibu letu ni kwamba kamera, kama nilivyokuwa mimi usiku ule, kwa kawaida humtazama mwimbaji. Katika rekodi nyingi za taarab tunamwona mtuzaji anapoingia tu katika fremu, mkono na noti, kisha anatoweka. Hatuoni alikotoka, alikopitia wala aliyemtazama. Hatusikii mnong'ono wa jirani. Kwa maneno mengine, kamera huonyesha mwisho wa sentensi na kuacha mwanzo wake. Aidha, video inaweza kutuhadaa kuliko maandishi, kwa sababu maandishi hukiri upungufu wake ilhali video hujifanya kuwa imekamilika.

Kuna pia suala la maadili. Kamera inapojulikana kuwako, watu hubadilika. Mtu anayetuza ili kumjibu wifiye hataki jambo hilo lizunguke kwenye simu za watu asiowajua. Pale ambapo usalama wa usemi ulitegemea kutokuwapo kwa ushahidi, ushahidi ukipatikana usemi wenyewe unaweza kunyamaza. Mtafiti anayerekodi bila idhini anaweza kukiua kile alichokuja kukichunguza.

Mwongozo kwa mwanafunzi anayekwenda kuchunguza

Kutokana na mjadala huu tunapendekeza kwamba mwanachama anayeandika kazi ya utafiti kuhusu nyimbo, iwe taarab au muziki mwingine wowote unaoimbwa mbele ya watu, azingatie yafuatayo.

Kwanza, aisome matini mapema. Aihifadhi, aichambue arudhi na lugha yake, kisha aandike fasiri yake ya awali. Fasiri hiyo ndiyo atakayoipima baadaye. Asiyejua wimbo ulivyo kwenye maandishi hawezi kutambua umebadilikia wapi.

Pili, aombe idhini ya wenye shughuli na ya mwimbaji. Katika hafla za wanawake au za wanaume pekee aheshimu mipaka iliyowekwa, na pale asipoweza kuingia ashirikiane na mwenzake anayeruhusiwa.

Tatu, asikae mbele kabisa. Achague mahali pa pembeni panapomwezesha kuona jukwaa na ukumbi kwa pamoja.

Nne, aandike maswali haya katika daftari na kuyajibu kwa kila wimbo: Ni ubeti gani uliorudiwa, na mara ngapi? Nani waliinuka, na katika mstari gani? Walipitia wapi? Vigelegele vilitoka upande gani? Ni wakati gani ukumbi ulinyamaza? Mwimbaji alifanya nini baada ya kimya hicho?

Tano, azungumze na wahudhuriaji baadaye, hasa wazee, lakini asiwalazimishe kufumbua mafumbo. Pale mtu aliponyamaza, kimya hicho nacho kiandikwe kuwa ni data.

Sita, katika kuripoti, afiche utambulisho wa wahusika. Hakuna hoja ya kitaaluma iliyo nzito kiasi cha kustahili kuvunja udugu wa watu.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kumwona mwimbaji ana kwa ana ni zaidi ya starehe ya shabiki. Ni njia ya maarifa. Kupitia mfano wa taarab tumeona kuwa matini ya malenga inaweza kubaki thabiti huku maana ikihama kutoka mapenzi hadi mirathi, kutegemea ni nani aliyeinuka na alipita wapi. Tumeona pia kuwa rekodi, tangu santuri za 1928 hadi simu za leo, ni hazina ya thamani inayohitaji kusomwa kwa kuuliza kilichoachwa nje.

Suala hili lina haraka yake. Bi Kidude alifariki 2013. Juma Bhalo alimfuata 2014, na Zein l'Abdin, mpiga udi mashuhuri aliyezaliwa Lamu, alifariki 2016. Sauti zao tunazo. Lakini wale walioketi sakafuni wakiwasikiliza, waliojua fulani alituza kwa nini na ubeti gani ulizua kimya, wangali miongoni mwetu, na wengi wao ni bibi na babu zetu. Hao ndio nusu ya wimbo iliyobaki. Maktaba haina nakala yao.

Kwa hiyo, mwanachama atakayerudi nyumbani likizo hii asitosheke na kukusanya kanda kuukuu. Aketi na mzee mmoja, amwekee wimbo aupendao, kisha amwulize: ulipousikia kwa mara ya kwanza, nani walikuwapo? Waswahili husema kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Sisi ambao hatukuwapo tunaweza angalau kuwauliza waliokuwapo kabla nao hawajaondoka.